Siku Alizoziiba Damari

"Damari, hivi wewe na huyo dereva mnacheka nini kutwa nzima?"

Sikudhani, jirani yake muuza vitumbua, alimwuliza hivyo siku moja juu ya ua wa matete. Damari angesema nini? Walikuwa wanacheka kwa sababu kuku ameingia ndani ya lori, amekaa kwenye kiti cha dereva na amekataa kushuka.

Walikutana Jumatatu ya mnada, Shelui imejaa watu, mbuzi na vumbi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote, kila aliyepata fedha alinunua lori, hata bovu, na mlima Sekenke ulikuwa unayapima yote. Lori la Raymond, lililobeba marobota ya pamba kutoka Mwanza, liliunguza klachi katikati ya mlima. Likavutwa kurudi chini, likaachwa mbele ya mgahawa wa Damari, limeziba mlango.

Damari alitoka na mwiko mkononi, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya gauni la maua.

"Kaka, wateja wangu wapite wapi? Juu ya pamba?"

Dereva alikuwa mwembamba, shati lake la mitumba lina maandishi ya Kizungu ambayo hata yeye hakuyajua. "Shikamoo, mama," alisema.

"Shikamoo ya nini? Kwani mimi na wewe nani mkubwa?"

"Mwenye mwiko."

Damari alirudi ndani haraka ili dereva asimwone akicheka.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaolewa, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri. Siku zake zilikuwa na ratiba kama za shule. Jumatatu maharage, Jumanne kuchambua mchele, Jumatano mazoezi ya kwaya. Kila jioni alipiga magoti akamkumbusha Mungu mambo yake moja baada ya jingine, mume akiwa wa kwanza.

Raymond alituma ujumbe kwa tajiri wake Mwanza kupitia konda wa basi: itumwe pleti mpya ya klachi. Yeye hakuweza kuondoka, maana pamba ya watu ilikuwa juu ya lori. Basi akakaa. Akabangua karanga za Damari. Akamfundisha kusikiliza, akiwa jikoni, sauti ya gari linaloteremka mlimani na kujua bila kuona kama ni basi au ni lori.

"Hilo basi," Damari alisema.

"Hilo ni trekta la misheni, mpenzi. Ungekuwa konda ungepakia abiria kwenye jembe."

"Nani mpenzi wako?"

"Trekta."

Jumapili walitoka kanisani wakakutwa na mvua, wakajibanza chini ya turubai la lori pamoja na akina mama wanne wa kwaya. Raymond akaimba besi vibaya mno, akina mama wakamsamehe. Usiku ule Damari alipiga magoti akakosa la kuomba. Akasema asante tu, akalala.

Jumanne, siku ya tisa, basi la Mwanza lilisimama. Mizigo ya Shelui iliachwa kwa Damari siku zote, kwa kuwa watu walimwamini. Konda alimkabidhi kitu kizito cha mviringo kilichoshonewa ndani ya gunia, kimeandikwa RAYMOND DEREVA. Raymond alikuwa amekwenda kisimani kumchotea maji.

Damari alikishika. Akafikiri: kesho atakuwa amefika Singida. Halafu mikono yake ikafungua pipa la unga, ikakizika humo, ikasawazisha juu.

"Kuna basi lilipita?" Raymond aliuliza akitua ndoo.

"Lilipita."

"Halikuacha kitu?"

"Kunywa chai, itapoa."

Siku mbili zile alizipanga vizuri. Alichinja kuku. Alivaa gauni la Krismasi siku ya kazi. Lakini Raymond alipotania, kicheko kilimfika shingoni kikarudi. Kila gari lililoteremka Sekenke lilimshtua. Unga aliuchota kwa ncha ya bakuli, na Jumatano hakwenda kwaya. Alipojaribu kusali, aliona aibu hata kusema asante, maana siku hizi mbili hakupewa, aliziiba.

Alhamisi Raymond, aliyekuwa ametuma konda mwingine kuulizia pleti, aliingia na karatasi ya tajiri wake, uso umekauka.

"Nisomee mwenyewe, labda macho yangu mabovu."

Damari alisoma: *Pleti nilituma Jumanne. Kama umeiuza, malizia na lori.*

"Ananiita mwizi," Raymond alisema. "Miaka sita namwendeshea. Wewe ndiye unapokea mizigo, Damari. Ilikuja?"

Angeweza kusema konda kaipoteza. Makonda walipoteza vitu kila siku, na hakuna ambaye angeuliza. Alilivuta pipa, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa gunia jeupe kwa unga.

"Nilitaka ubaki," alisema.

Raymond alikung'uta unga juu ya gunia. "Ungesema, ningebaki hata siku moja. Moja tu, kwa hiari yangu. Sasa zile zote sijui ipi ilikuwa ya kweli."

"Nane zilikuwa za kweli."

Raymond alilibeba gunia, akatoka. Saa tisa alasiri alikuwa amefunga pleti, na lori likapanda mlima. Damari alilisikiliza mpaka gia ya mwisho.

Usiku huo hakulala. Asubuhi alimwandikia barua tajiri wa Raymond, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, akaeleza yote, akaweka jina lake, jina la baba yake na la usharika wake, akampa konda aipeleke Mwanza. Kisha akangoja aitwe polisi. Wiki tatu alimwaga chai, akaunguza chapati, akatoka mlangoni kwa kila gari.

Jumamosi moja, saa sita, mgahawa umejaa, Raymond alishuka kwenye basi. Hakuwa na lori. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Umefukuzwa?" Damari aliuliza.

"Nilikuwa nimefukuzwa. Nilimwambia tajiri nililewa, pleti nikaisahau kwa watu. Halafu ikaja barua yako, konda alikaa nayo wiki mbili. Aliisoma mbele ya mafundi wote."

"Akasema nini?"

"Akasema tangu azaliwe hajaona mwizi anayetaja na kanisa lake. Amenirudisha. Lori liko gereji wiki nzima."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Bado nimekasirika. Hasira ikiisha nitatuma mshenga kwa kaka zako."

"Itaisha lini?"

"Sijapanga."

"Na leo umekuja kufanya nini?"

Raymond aligeuza kofia mikononi. "Hata sijui. Nilipanda tu basi. Nilifikiri labda tutembee."

"Tutembee wapi?"

"Popote."

Wasafiri wawili walikuwa wanadai chapati, na maharage yalikuwa yanachemka. Damari aliitua sufuria, akafuta mikono, akampita Raymond mlangoni na kumngoja nje barabarani.