Wawili wa Sauti Moja Ndefu

"Huyu anayetaka mjifungie saa nzima ni nani?"

Seremala aligeuka, upinde mkononi. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya kinanda chake, ameishika simu ya Seremala kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Nipe simu yangu."

"Nitakupa. Ngoja kwanza nikusomee, labda umesahau." Akasoma: "'Kesho saa tatu asubuhi. Njoo ukiwa umelala vya kutosha. Tutajifungia kama saa moja hivi, simu uzime.' Jina hakuna. Namba tu."

"Ni mambo yangu hayo."

"Mambo yako ya kulala vya kutosha?"

"Mwalimu, tafadhali."

Walikuwa kwenye chumba chao cha mazoezi, juu ya karakana. Vumbi la mbao lilikuwa limepanda ngazi nao na kutua kila mahali. Zilibaki siku tisa wapande jukwaa kubwa kuliko yote waliyowahi kupanda.

Watu waliwaita Mvumo. Mwalimu alifundisha muziki shule ya msingi na alipiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Seremala alitengeneza milango na madirisha, na siku moja akaamua kukaza nyuzi nne juu ya ubao mrefu na kuzisugua kwa upinde. Muziki wao haukuwa na ngoma wala maneno. Sauti moja nzito huanza, ikakaa. Dakika tano, dakika kumi. Kisha ya pili hujisogeza karibu yake, karibu kabisa, mpaka zinaanza kutetemeshana, wuu, wuu, wuu, na msikilizaji anashtukia anapumua pamoja nazo.

Onyesho lao la kwanza lilipata watu kumi na mmoja. Wanne walitoka, watatu walilala. Mmoja wa waliolala alipoamka aliwashika mikono wote wawili, akawaambia, "Tangu mke wangu afariki sijapata usingizi kama huu." Hapo ndipo walipojua wana kitu. Redio ilipopiga muziki wao mara ya kwanza, wasikilizaji walipiga simu kulalamika kwamba mitambo imeharibika. Lakini kina mama wenye watoto wachanga wakaanza kutumiana zile rekodi, wakafuata wanafunzi wa mitihani, wakafuata manesi. Sasa uliwangoja ukumbi wa viti mia sita, na hakuna tiketi iliyobaki.

Miaka saba hiyo. Kila mtu aliamini hawa ni mke na mume, isipokuwa wao wenyewe.

"Sikiliza," Seremala alisema, akiangalia sakafu. "Tukimaliza onyesho hili, mimi naacha."

"Unaacha nini?"

"Muziki. Tafuta mtu mwingine wa kupiga naye."

Mwalimu alikaa kitako juu ya kinanda, vibonye vikalia vyote kwa pamoja.

"Ni kwa ajili ya huyo wa simu?"

Seremala aliulaza upinde juu ya meza.

"Chukulia hivyo," akasema, akashuka ngazi.

Jioni ile Mwalimu alimpigia shangazi yake.

"Shangazi, ana mwanamke. Wanakutana kesho saa tatu."

"Nani, huyo wenu wa mbao? Wewe mwenyewe kukutazama usoni anaona haya, huyo mwanamke kampatia wapi?"

"Kasema mwenyewe!"

"Kasema, au umemsemesha?"

Mwalimu akavuta kamasi.

"Haya, nikuulize," Shangazi aliendelea. "Wewe ulishamwambia unampenda?"

"Anajua."

"Kaambiwa na nani? Na kinanda?"

"Shangazi, usinichekeshe, mimi nalia hapa."

"Lia, ukimaliza unawe uso. Kesho saa tatu mfuate."

"Nimfuate kama askari?"

"Mfuate kama mwenye mali. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mmekaa kimya miaka saba mnasema ni muziki!"

Asubuhi Mwalimu aliomba ruhusa kazini na kumfuata Seremala kwa mbali. Alimwona akiingia jengo jeupe, akapanda ghorofa ya pili, akafungua mlango wa mwisho. Mwalimu alihesabu mpaka ishirini. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, makali yote. Hata kibao cha mlangoni hakukisoma. Akausukuma mlango.

Mama mmoja wa makamo, koti jeupe, miwani puani, alimwekea kidole mdomoni.

"Shhh. Ukipiga kelele tutaanza upya."

Mbele ya mama yule palikuwa na mashine ya vitufe, na mbele ya mashine dirisha la kioo kinene. Nyuma ya kioo, kwenye kijichumba kilichozibwa kwa sponji ukuta mzima, alikaa Seremala. Macho kayafumba. Amevaa vipokea sauti masikioni, mkononi ana kibonye.

"Wewe ni nani yake?" Daktari alinong'ona.

Jibu la swali lile Mwalimu hakuwa amelipanga.

"Napiga naye muziki."

"Basi kaa. Ya kwake atakueleza mwenyewe."

Kila Seremala alipobonyeza, taa ndogo iliwaka kwenye mashine. Sikio la kulia: ikawaka, ikawaka, ikawaka. Daktari akahamia la kushoto. Alizungusha kitufe. Giza. Akazungusha tena, na tena, mshale ukapanda. Seremala alikuwa amekunja uso, ameinamisha kichwa kama mtu anayetega sikio mlangoni. Taa haikuwaka.

Mwalimu hakuhitaji kuelezwa. Maneno yake yote makali yaliyeyuka, machozi yakamtoka.

Seremala alipotoka na kumkuta pale, alisimama kama msumari.

"Mwalimu..."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mashine za kukatia mbao, miaka ishirini. Nilidhani ni nta ya sikio."

"Ukaona bora uniambie una mwanamke?"

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilikubali tu."

Daktari akakohoa, akajifanya anapanga karatasi.

"Muziki wetu ni wa masikio," Seremala alisema. "Tofauti yake ni ndogo kama unywele. Nikikosea, naharibu kazi yako ya miaka saba mbele ya watu mia sita. Sikutaka unionee huruma."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa unisikilize." Alizunguka, akasimama upande wake wa kulia. "Nimekupenda miaka saba. Ulikuwa na masikio mawili mazima na hukusikia. Labda hilo moja litafanya kazi vizuri zaidi."

Seremala alimtazama usoni, na safari hii hakukwepesha macho.

"Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka tena."

Daktari alivua miwani. "Hili la kulia ni zima kabisa," alisema. "Vaa vizibo ukiwa karakanani, na uje kila baada ya miezi mitatu. Muziki endeleeni nao. Na hayo mengine pia, lakini nje. Nina mgonjwa anasubiri."

Siku nane zilizofuata walifanya kazi kama mchwa. Walihamishia kinanda upande wa kulia wa Seremala. Ubao walioulaza juu ya meza miaka yote, sasa aliusimamisha na kuuegemeza kifuani, mtetemo ukampita kwenye mbavu. Jaribio la kwanza aliondoa upinde kwenye nyuzi na kucheka kwa sauti.

"Nini?" Mwalimu aliuliza.

"Inanitekenya!"

Pale ukumbini walianza na sauti moja. Dakika arobaini na saba hakuna aliyekohoa. Sauti ya pili ilipokaribia ya kwanza, viti vyenyewe vilitetemeka, na mzee mmoja mstari wa mbele alivua viatu ili aisikie kwa nyayo. Walipomaliza, watu wote mia sita wakasimama.

Wiki mbili baadaye simu ya Mwalimu ililia darasani. Ujumbe: "Shangazi yako kasema niulize mwenyewe, nisitume kinanda. Utanioa?"

Akajibu: "Kwa kawaida ni 'nikuoe'. Lakini ndiyo."

Siku ya ndoa, Shangazi alivaa gauni refu lililofagia ngazi zote za ofisi ya msajili. Msajili, mtu wa sauti nyororo, alisimama na daftari lake kushoto kwa bwana harusi.

"Je, unakubali kumwoa mwenzako huyu kwa hiari yako?"

Kimya. Seremala alikuwa anatabasamu tu, anamtazama bibi harusi.

"Bwana, unakubali?"

Kimya. Wageni wakaanza kutazamana. Shangazi alishika kifua. Msajili akainua kalamu kutoka kwenye karatasi.

Mwalimu akaushika mkono wa msajili, akamvuta na daftari lake mpaka upande wa kulia.

"Muulize hapa," alisema.

"Unakubali...?"

"Nakubali!" Seremala alipaza sauti, kiasi kwamba waliokuwa kwenye foleni nje wakapiga makofi.