Fundo Kwenye Taya la Bi Maisa

Hadi leo Daktari Revelian hajaweza kulieleza fundo aliloliona kwenye picha ya eksirei ya taya la Bi Maisa. Alidhani ni la mtandio, akamvua, akapiga picha ya pili. Fundo lilikuwa palepale utosini, kama la kitambaa anachofungwa maiti ili mdomo usibaki wazi.

Hakujua kwamba mgonjwa wake alikuwa mwosha maiti wa Mwananyamala.

Taya lilikuwa limekaza miezi mitatu. Hata uji ulipita kwa shida.

"Ute wa kiungo umekauka," daktari alisema. "Nitakuchoma asidi ya hayaluroniki hapa mbele ya sikio, inalainisha kama ute. Wiki ijayo utatafuna kashata."

"Kashata nini, mwanangu," Bi Maisa alijibu kwa kubana meno. "Mie nataka niitikie marahaba tu bila kulia."

Ibtisam, jirani aliyemsindikiza, alicheka. Mama yake, marehemu Nunu, alioshwa na Bi Maisa miezi hiyohiyo mitatu iliyopita.

Sindano iliingia. Taya likalia, ko! Mdomo ukafunguka vidole viwili, vitatu, ukazidi kufunguka huku Bi Maisa mwenyewe akishika kidevu kwa mikono miwili kuuzuia, na harufu ya karafuu maiti ikajaa chumba kilichokuwa kinanuka spiriti tu, na kooni, bila ulimi kucheza hata kidogo, ikatoka sauti kavu ya mwanamke mwingine, yenye kikohozi ambacho Ibtisam alikijua tangu utoto.

"Nilikuomba maji, Maisa. Ukanifunga."

Jioni ile, mbele ya Ibtisam na Shehe Mbwana aliyeitwa kumsomea, Bi Maisa alikiri kwa kunong'ona.

"Niliona koo la Nunu linacheza. Nje watu wanalia, kaburi limeshachimbwa. Niliona haya kutoka kuwaambia. Nikakaza kitambaa."

Shehe hakumkaripia. Alisoma mpaka sauti ikarudi na kutaja sharti: Maisa naye afungwe, kwa muda uleule aliochukua yeye kukata roho.

"Alichukua muda gani?" Shehe aliuliza.

"Adhuhuri mpaka alasiri, walipomchukua kumzika."

Ikaamuliwa hivyo. Kesho yake adhuhuri Ibtisam alimfunga kwa mkono wake, akaweka glasi ya maji mbele yake.

Adhana ya alasiri ikaisha.

"Mfungue, mwanangu," Shehe alisema taratibu.

Ibtisam akakohoa, kikohozi cha mama yake.

"Bado," akasema, akakaza fundo.