Kioo Kilichozidi Sentimita Nne

Jumamosi asubuhi duka la vioo lilikuwa limefurika wateja, na katikati yao akaingia mshonaji mwenye gauni la njano alilolishona mwenyewe, utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni. Fundi aliyekuwa kaunta, ambaye wenzake walimwita Milimeta kwa sababu hakuvumilia neno "karibu hivi", alishindwa kujizuia.

"Dada, suti ni mlango wa pili."

"Nimekuja kushonewa dirisha," akamjibu. "Likibana kwapani nitalirudisha."

Fundi akacheka, na hapo ndipo alipokwisha kunaswa.

Shida yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Mama yake mshonaji alikuwa na ugonjwa wa kifua, na chumba chake kilitazama magharibi. Kuanzia saa saba mchana jua lilipita kwenye kioo chembamba kama hakipo. Kiyoyozi kiliunguruma kutwa na chumba kikabaki tanuri. Kaka yake mkubwa alikuwa ametoa miezi miwili. Joto lisipopungua, angekuja kumchukua mama akaishi kwake, safari ya siku mbili, na mshonaji, kitinda mimba, angefuata, maana nani mwingine angemwogesha mama? Milimeta akamweleza habari za vioo viwili vilivyofungwa pamoja kiwandani, hewa kavu katikati: joto hubaki nje, kiyoyozi hupumzika. Kuagiza ni wiki sita. Muda ulitosha.

Kabla ya juma kuisha walikuwa wakipigiana simu kila mapumziko ya kazi, na fundi alikuwa ameshambatiza jina la Pindo.

"Umekula, Pindo wangu?"

"Nimekula."

"Ulinikumbuka?"

"Nilikuwa nakula."

Sheria ya karakana ilikuwa moja: fundi hupima mwenyewe. Siku aliyokwenda kupima, mama ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi baada ya kukohoa tangu alfajiri. Mshonaji akamzuia mlangoni, akampa karatasi. Alikuwa ameshapima. Au fundi aliutilia shaka utepe wake? Milimeta, ambaye asingemwamini hata baba yake mzazi kwenye vipimo, akaikunja karatasi ile kama barua ya mapenzi, akaagiza siku hiyohiyo. Mapenzi humfanya mtu mjinga, na yeye alikuwa mjinga mwenye furaha.

Vioo vilifika siku nne kabla ya kaka. Mafundi wakavinyanyua hadi kwenye fremu, vikakataa kuingia. Milimeta akapima fremu, akatoa karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha mfukoni. Vilizidi sentimita nne, upana na urefu. Kioo cha kawaida angekikata palepale. Hivi vilikuwa vimezibwa pande zote; ukivikata hewa inatoka na kazi imekwisha. Ukuta ulikuwa wa zege, na mwenye nyumba alikataa usiguswe. Kuagiza upya, wiki sita nyingine.

"Umekosea vipimo?" mshonaji akauliza.

Fundi akamtazama mama kitandani, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu.

"Nimekosea," akasema.

Akafukuzwa na mshonaji. Alipiga simu siku tatu bila kupokelewa. Ilipopokelewa mara moja tu, aliambiwa kwamba lile jina la Milimeta alipewa kwa dhihaka, na kwamba asimtafute tena. Hakujitetea. Alibaki ameshika simu, hajui la kufanya na mikono yake.

Kaka alifika asubuhi ya siku ya nne. Mama akashushwa taratibu hadi garini, na mshonaji akabaki juu akikusanya vitambaa vyake. Ndipo daftari la vipimo vya wateja lilipofunguka. Kati ya mikono na viuno vya watu palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: "Dirisha la mama. Upana 116, nyongeza 4: andika 120."

Nyongeza ya mshono, ile ya kukunjia ndani. Miaka kumi na moja alikuwa akiiongeza kwa kila nguo bila kufikiri. Akakaa sakafuni, akapiga simu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua palepale."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje mbele ya mama? Kwamba anahamishwa kwa sababu yako? Halafu kupima ilikuwa kazi yangu, si yako."

Mshonaji akalia bila aibu. Chini kaka alipiga honi.

"Hakuna cha kufanya?"

"Hakuna, Pindo. Kile kioo hakikatwi."

"Basi utakifanyia nini?"

"Nitakiweka. Nikijenga, nitaanza na dirisha, nilizungushie ukuta kwa vipimo vyako, na nyongeza yake. Halafu nitakuja kumuomba kaka yako. Utanikubali?"

"Nimekubali," akasema, na honi ikapigwa tena.

Garini alikaa nyuma, akamwegemeza mama begani. Dirisha la chumba cha mama lilionekana juu, na kioo chake kilekile chembamba, jua la mchana likianza kulisogelea.

"Ulikuwa unaongea na nani?" mama akauliza kwa sauti ya kukatikakatika.

"Fundi wa vioo."

"Yule aliyekosea?"

"Hapana, mama. Aliyekosea ni mimi."

Mama akaupapasa mkono wake, na gari likaondoka.