Tepu Iliyolala Juu ya Stabiliza

Bwana Safi hakuwa na msaidizi. Hakuwa na dirisha linalofungika sawasawa. Hakuwa amesomea kompyuta. Alielekezwa siku mbili tu, akaachiwa mashine. Tena hakuwa na mazoea ya kuuliza. Baada ya miaka kumi na tisa kazini, aliona haya.

Alichokuwa nacho tele ni usafi. Ndiyo maana chuo kizima cha uuguzi kilimwita hivyo. Yeye ndiye aliyetunza alama za wanafunzi katika kompyuta. Kila Ijumaa alizinakili kwenye tepu, yaani kaseti nene yenye utepe wa sumaku ndani yake, ili kompyuta ikifa, nakala iwepo. Akimaliza, aliifunga tepu kwa taulo dogo jeupe, akailaza juu ya stabiliza, kile kisanduku kizito kinachotuliza umeme.

"Pale pana joto," alipenda kusema. "Unyevu haufiki."

Jumanne moja asubuhi kompyuta iligoma kuwaka. Kabla hajajua la kufanya, mpwa wake, binti wa dada yake, akaingia akihema.

"Mjomba, hospitali imenichukua! Ila wanataka barua ya alama zangu kutoka hapa chuoni. Mwisho kesho. Isipofika, nafasi anapewa mwingine."

"Hilo tu? Kaa kitini, mama. Nakala ipo."

Aliazima kompyuta ya maktaba, akaiunganisha na mashine ya kusomea tepu. Akaingiza tepu. Mashine ikanguruma, ikakwaruza, kisha ikaandika: HAISOMEKI. Akairudisha mara ya pili. Mara ya tatu.

"Mjomba, si mna karatasi?"

"Za mwaka wenu nilizichoma," alijibu akiangalia sakafu. "Zilikuwa zinaleta vumbi."

Binti akashika kichwa. Hapo Bwana Safi akameza haya zake, akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ni fundi wa kompyuta.

Fundi alifika na mkoba wake. "Shemeji! Leo umenikumbuka? Nilidhani dada amekufukuza."

"Utani baadaye, shemeji. Nitazamie hii."

"Umeilazimisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi acha. Mashine chafu huukwaruza utepe kila unapopita. Umewahi kuisafisha ndani?"

"Naifuta kila siku!"

"Juu. Mimi nauliza ndani. Kuna kichwa kidogo kinachosoma utepe. Vumbi likikigandia, hakioni kitu. Na tepu yenyewe inalala wapi?"

Bwana Safi alionyesha stabiliza kwa fahari. Fundi akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Umeitandikia kitanda kabisa! Shemeji, utepe huu ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Joto huukunja na kuunyoosha vibaya. Na stabiliza ina sumaku yake. Alama zako nazo zimeandikwa kwa sumaku. Usizilaze pamoja. Tepu hii ina umri gani?"

"Miaka sita. Ndiyo hiyohiyo kila Ijumaa. Haijanisaliti."

"Umejuaje? Uliwahi kuisoma?"

Bwana Safi akaliondoa taulo juu ya stabiliza.

Fundi aliiacha tepu ipoe mezani. Akaingiza kaseti maalumu ya kusafishia, ikazunguka dakika moja, ikatoka na doa jeusi. Bwana Safi aliliona doa lile akajisikia kama amekutwa na shati chafu kanisani au msikitini. Kisha tepu ikarudishwa, safari hii mara moja tu. Mashine ikavuma taratibu, bila kukwaruza. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mwaka baada ya mwaka.

"Mimi huyo!" binti alipiga kelele. "Mjomba, mimi huyo!"

Bwana Safi akakaa chini.

Mwisho wa utepe ulikuwa umeharibika. Alama za wiki tano za karibuni hazikusomeka, lakini walimu walikuwa nazo bado katika madaftari.

Jioni ile fundi aliacha tepu tatu mpya, zitumike kwa zamu. Mbili zilisimamishwa wima katika maboksi yake, kabatini, mbali na stabiliza. Ya tatu itakaa jengo la pili, ili hata moto ukizuka, nakala iwepo. Mashine itasafishwa ndani kila mwezi, na kila mwezi nakala itajaribiwa kusomwa.

"Nikisahau?" aliuliza Bwana Safi.

"Uliza, shemeji. Simu si ya matanga tu."

Kesho yake asubuhi aliipiga chapa barua, akalinganisha kila alama na kioo, akaisoma tena kwa sauti. Mpwa wake alisimama mlangoni akisubiri. Bwana Safi akaikunja mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi, akagonga mhuri juu ya mfuniko. Tarishi akaipokea, akaitia mkobani, akapanda baiskeli kuelekea hospitali.