Dawa ya Kabichi

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alisafisha banda la ndama kabla ya kunywa chai. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu kila kazi aliifanya mbiombio ili akacheze. Siku hiyo alikuta kupe wamejaa masikioni mwa ndama, na chupa ya dawa ya kupe imekwisha. Dukani ni mbali. Kwenye rafu palikuwa na dawa ya kabichi, ile ambayo baba huwapulizia wadudu bustanini. Chapuchapu akajiambia kuwa dawa ni dawa. Akaimimina ndooni, akamsugua ndama mwili mzima kwa kitambaa, akaenda zake kucheza.

Saa sita mchana ndama alianza kutokwa na mapovu. Akatetemeka, akaanguka, akarusha mateke mpaka ndoo ikapasuka. Aligonga kichwa ukutani, akagonga tena, damu ikamtoka puani. Mama akampigia simu bwana mifugo. Baba, seremala mwenye mikono mizito na hasira za karibu, alimshika ndama sikio.

"Jua lote hili, na yeye baridi kama msumari," alisema. Kisha akamgeukia jirani yao mchinjaji, aliyekuja kuchungulia. Jana tu mchinjaji alitaka kumnunua ndama huyo, akakataliwa. "Ni wewe. Umemtilia sumu ili nikuuzie kwa bei ya kutupa."

"Jirani, umerukwa na akili?"

Ngumi ndiyo iliyomjibu. Mchinjaji akatema damu, akaokota mpini wa jembe, akampiga baba begani. Wakashikana, wakaangushana kwenye samadi. Mama aliwasihi wasiuane, hawakumsikia. Chapuchapu alijibanza nyuma ya mlango. Aliogopa kwamba akisema, kipigo kitamgeukia yeye.

Bwana mifugo alipofika aliwapita wanaume wale kana kwamba hawapo, akampima ndama joto.

"Thelathini na tano," alimwambia mama. "Ndama mzima huwa na zaidi ya thelathini na nane. Hii ni sumu. Imevuruga mishipa ya fahamu, na mwili umeshindwa kutunza joto lake. Nikijua ni sumu gani, nitajua sindano ya kumpa. Nikibahatisha, naweza kummaliza."

Hapo baba alikuwa amemkalia mchinjaji kifuani, mikono yote miwili shingoni.

"Baba, mwache. Ni mimi," Chapuchapu alilia, chupa mkononi. "Nilimpaka dawa ya kabichi."

Mikono ya baba ililegea. Bwana mifugo alisoma maandishi ya chupa, akamdunga ndama sindano, akamwosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akamkausha na kumfunika magunia. Kisha akamwosha Chapuchapu mikono hadi viwikoni, maana sumu ile hupenya ngozi ya mtu pia. Alipima joto la ndama tena na tena. Alasiri lilifika thelathini na nane, na ndama akainua kichwa.

Baba alimwomba jirani yake radhi. Fimbo hakuigusa.

"Mwanangu," bwana mifugo alimwambia Chapuchapu, "zote tunaziita dawa, lakini ya kupe ni ya kupe, na ya kabichi ni ya kabichi. Ukiipeleka pasipo pake, umepeleka sumu. Na ukikosea, sema papo hapo. Ukweli wako ndio uliomponya huyu."

Mchinjaji alikuwa amepiga magoti, anapapasa kwenye samadi.

"Angeusema robo saa mapema," alisema, "na jino langu lingepona."