Jibu Lililoingia Ndani

Mpiga debe mmoja alikuwa ameshika begi, mwingine ameshika mkono, na mwenye begi na mkono alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekwisha kukubali lolote litakalompata.

Ilikuwa stendi ya Masasi, msimu wa korosho, saa ambayo vumbi jekundu hushindana na moshi wa mishikaki. Josephina alisimama kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, gauni lake la kitenge cha njano limekazwa kwa mkanda mweusi, akisubiri basi dogo la Costa la kwenda Newala. Akamwona kijana mrefu, maji ya kunde, nywele za mawimbi, shati la bluu lenye doa la grisi mfukoni, anasukumwa ndani ya gari la Tunduru huku anarudia neno moja tu: Newala, Newala.

"Mwachieni mgeni wangu," Josephina aliwaambia.

"Tangu lini ni mgeni wako, dada?"

"Tangu sasa hivi."

Wakacheka, wakamwachia. Josephina akamsemesha kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilitoka ubaoni, kimenyooka kama sare ya shule. Cha kijana yule kilitoka kwenye video za mafundi mitambo. Kilijua jina la kila nati, ila hakikujua namna ya kuomba radhi. Hata hivyo viwili hivyo vilikutana njiani. Kabla Costa haijaanza kupanda uwanda wa Makonde, Josephina alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Edilson, ametoka Brazili, na amekuja kufunga mashine za kubangua korosho katika kiwanda kilekile cha Newala alikoajiriwa Josephina mwezi uliopita kukagua ubora.

Penzi halikuchelewa. Mchana walionana kiwandani katikati ya kelele za mashine, yeye amevaa koti jeupe na kofia ya wavu, Edilson akipita kwa makusudi mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Loyce, rafiki yake kutoka Mbeya aliyekaa naye meza moja ya ukaguzi, alisema mashine zile lazima ni mbovu sana, maana haziishi kumwita fundi. Jioni walipigiana simu.

"Umekula?" Josephina aliuliza kama kawaida yake.

"Kila siku unaniuliza chakula. Mimi ni mpenzi wako au ng'ombe wako?"

"Kwetu anayekupenda anakuuliza umekula."

"Kwetu anayekupenda anasema anakupenda."

"Basi nakupenda. Umekula?"

Alilisema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza halikuwa na uzito wowote. Lilimtoka kama mtu anayetaja saa. Kwa Kiswahili hakuwahi kumwambia mwanamume neno hilo. Kwa Kimakonde hakujua hata lingeanzia wapi.

Siku ya kumpeleka nyumbani kwa Bibi Evelina, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Josephina alipitia kwanza Shimo la Mungu. Wakasimama pale uwanda unapokatika ghafla, bonde limelala chini na Ruvuma inang'aa kwa mbali. Alimwambia kwamba ng'ambo ile ni Msumbiji, wanakosema lugha ya kwao Edilson, na kwamba Bibi alizaliwa huko akakimbia vita akiwa msichana. Edilson akafurahi, akauliza kama Bibi anakijua Kireno. Josephina akasema hapana. Hakuwahi kumsikia akikisema.

Nyumbani Bibi alikuwa amefagia uwanja mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Edilson akasema shikamoo yake vizuri, akaitikiwa marahaba. Bibi akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji ya mvua kutoka kisima chao, yaliyotunzwa tangu masika, amekifunika kwa kisahani. Mtu wa Newala, ambako maji ni ya shida, akikupa maji hajakupa kitu kidogo. Edilson alitabasamu, akatikisa kichwa, akainua chupa yake ya dukani kuonyesha kwamba anayo.

Bibi akabaki amesimama na kikombe. "Anasemaje?"

"Anasema ameshakunywa njiani, Bibi. Anashukuru sana."

"Nimemkosea?" Edilson aliuliza.

"Hapana. Amefurahi."

Hivyo ndivyo Josephina alivyotafsiri siku zote. Kila neno alilikata ncha kabla ya kulipitisha upande wa pili, kwa sababu aliwapenda wote wawili na hakutaka mtu achomwe.

Baadaye mama yake Edilson akapiga simu. Kijana akazungumza naye kwa Kireno, kwa sauti ya juu na vicheko. Bibi akaweka chini ungo wa mbaazi, akaenda jikoni, hakurudi mpaka simu ilipokwisha. Josephina akadhani ni yale maji bado yanamkera.

Ndipo Edilson, bila kumwonya mtu, akapiga goti kwenye mchanga uliofagiwa, akatoa kijisanduku chenye pete, akamwuliza Josephina kama atakubali kuwa mke wake.

Moyo wa Josephina uliruka. Alitazama chini. Kidole cha mguu kikachora mstari mchangani, kikaufuta. Hakusema neno. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani analia kwa furaha huku ameuma upindo wa khanga asisikike.

Hakuna jibu lingine alilofundishwa. Msichana anayejibu papo hapo mbele ya mkubwa wake, amelelewa na nani? Anayekataa ndiye anayesema. Anayekubali hunyamaza, huingia ndani, na mwanamume huenda kutafuta mshenga wa kumtuma kwa mjomba wa binti.

Nje, Edilson alisubiri goti likauma. Akahamia kwenye kiti cha plastiki, akautazama ule mlango. Mwishowe akafunga kijisanduku, akamwinamia Bibi, akaondoka. Josephina alipotoka akakuta kiti kitupu, na moyo wake ukamsifu: mgeni, lakini ameelewa upesi hivi kwamba anatakiwa kwenda kuleta watu.

Ujumbe ulipoingia kwenye simu, ulizidi kumhakikishia. Edilson aliandika kwamba anashukuru, na kwamba ameliheshimu jibu lake.

Josephina akaomba ruhusa kazini wiki ile, maana binti anayeposwa haendi kujionyesha mbele ya mposaji. Hakupiga simu, maana angeonekana ana haraka. Huko kiwandani, Edilson naye hakupiga, maana kwao aliyekataliwa hamng'ang'anii mtu. Wote wawili walikuwa na adabu nyingi.

Jumapili Mjomba Optatus alifika kwa pikipiki kutoka Chilangala kumpokea mshenga, amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Mkeka ukatandikwa. Wali ukapikwa, ukapoa. Kivuli cha nyumba kikauvuka mkeka.

"Huyu mkwe wetu," alisema Mjomba, "anakuja kwa miguu kutoka huko Brazili?"

Simu ya Josephina ikaita. Alikuwa Loyce.

"Fina, kwa nini hukuja kumuaga mwenzako? Gari limempeleka uwanja wa ndege Mtwara. Kavunja mkataba mwenyewe. Amesema ulimfungia mlango."

Josephina hakumbuki alivyompigia. Anakumbuka sauti ya Edilson, na nyuma yake tangazo la abiria likiunguruma.

"Ulifunga mlango," Edilson alisema.

"Niliufunga kwa sababu nilikubali."

"Hakuna mtu anayekubali kwa kufunga mlango."

"Huku wapo. Huku msichana akinyamaza, amekubali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Edilson akashusha pumzi. "Neno moja tu, Josephina. Kila siku uliniambia unanipenda, siku hiyo likakushinda?"

Alitaka kumweleza kwamba yale ya kila siku yalikuwa mepesi, na hili lilishindwa kutoka kwa sababu ya uzito wake. Akalitafuta. Kiingereza kikamwishia kama bomba la Newala linavyoishiwa maji, linakohoa hewa tu.

"Na bibi yako hanitaki," Edilson akaongeza. "Nilipoongea na mama yangu, alinikimbia."

Bibi alikuwa amesogea. "Anasemaje?"

Josephina akafungua kinywa kulikata ncha neno lile, akajikuta hana nguvu tena.

"Anasema humtaki, Bibi. Ulimkimbia alipoongea na mama yake. Na yale maji hakuwa amekunywa njiani. Aliyaogopa. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Bibi Evelina akanyoosha mkono. "Lete simu."

Akaishika mbali na sikio, kama kitu cha moto. Akasema maneno matatu mafupi, makavu, kwa lugha ambayo Josephina hakuwahi kuisikia kinywani mwake. Mjomba Optatus akainua kichwa. Bibi akayarudia yale yale matatu, polepole, akamrudishia simu. Macho yake yalikuwa na maji.

"Nilikimbia ile lugha, Fina, sikumkimbia yeye. Ilikuwa ya msimamizi Mreno, kwenye mashamba ya pamba. Najua amri tu, na nyingi zake zinauma. Nimempa zile zisizouma. Njoo. Kaa. Kunywa."

Josephina akaibana simu sikioni. "Edilson?"

Hakujibiwa. Alisikia pumzi yake, akasikia magurudumu ya masanduku, akasikia tangazo likirudiwa. Kisha laini ikakatika, na alipopiga tena simu ilikuwa imezimwa.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

"Hajasema kitu. Amenyamaza."

"Basi amekubali," alisema Bibi Evelina, akaingia ndani kuchota maji.

Josephina hakumfuata. Kwao Edilson, mtu akinyamaza amekataa. Hilo sasa alilijua vizuri. Lakini pia alikuwa ametoka kumfundisha, kwa Kiingereza chake cha ubaoni, kwamba huku mtu akinyamaza amekubali. Alisimama kwenye uwanja uliofagiwa, simu mkononi, asijue mpenzi wake amenyamaza kwa desturi ya wapi.

Bibi akatoka na kikombe. Akakiweka kwenye kiti cha plastiki, akakifunika kwa kisahani vumbi lisiingie.