Sindano Ambayo Sikuivuta Mimi

Nina miaka ishirini na minne, ni muuguzi, na mpaka leo nikishika bomba la sindano nalikagua mara tatu... Msinicheke!

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Nilipomaliza chuo cha uuguzi, akanipokea kwenye wodi aliyokuwa akiisimamia, kituo kimoja cha afya upande wa Kamanga. Nyumbani mama, kazini bosi. Ningeanzia wapi kumbishia?

Chuoni tulikatazwa kabisa kuchoma dawa ambayo hukuivuta mwenyewe kutoka kichupani. Asubuhi moja mama mdogo akanipa bomba lililokwisha kujazwa, akanituma nimchome mama mmoja muuza dagaa, aliyelazwa kitanda cha dirishani. Nikauliza ni dawa gani.

"We mtoto, umesoma kunizidi?" akanifokea mbele ya wagonjwa.

Nikaona aibu. Nikachoma!

Haukupita muda mrefu, yule mama akalowa jasho, akaanza kuropoka, kisha akazimia. Jamani, niliogopa! Daktari akaja mbio, akauliza amepewa nini.

Mama mdogo akajibu kwamba hajapewa kitu. Kisha akanikata jicho. Jicho lile nalijua tangu utotoni, maana yake nyamaza!

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikisema, namchongea aliyenilisha na kunisomesha. Nikinyamaza, mtu anakufa mbele yangu! Binti wa yule mgonjwa alikuwa ameshikilia miguu ya mama yake, analia, "Sista, msaidie..."

"Nimemchoma mimi, daktari! Dawa kavuta mama mdogo. Sijui ni nini!"

Daktari akamgeukia. Ndipo mama mdogo akasema kwa sauti ndogo kuwa amechanganya wagonjwa, ni insulini, dawa ya kushusha sukari, ya mgonjwa wa kisukari wa kitanda cha jirani. Yule muuza dagaa akapewa sukari ya mshipani haraka haraka, mpaka akafumbua macho... Mungu mkubwa!

Jioni nyumbani nikakuta nguo zangu zimetupwa nje. Mama mdogo anasema eti amefuga nyoka! Nyoka, mimi? Nikaenda kwa rafiki yangu anayeishi Usagara, nalia njia nzima.

Majuzi kaletwa mama mdogo kwenye wodi ninayofanyia kazi sasa, mgonjwa. Nikamwendea na sindano.

"Shikamoo, mama."

Akalitazama bomba.

"Umeivuta mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akanyoosha mkono. "Marahaba, mwanangu."

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, nawasihi, ulizeni hata mkifokewa! Mimi nilifokewa mara moja nikanyamaza, na nusura tumzike mama wa watu.